Gari linalala zima, asubuhi halina uhai: betri ilivyonitesa kati ya Karatu na Nainokanoka

Wakuu, heshima kwenu. Yaliyomo humu yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Vuteni viti.

Mimi ni daktari wa mifugo, mama wa watoto wawili, naishi Karatu mjini. Nina pikapu ya dizeli, ya zamani, gia za mkono. Ndiyo inanifikisha Endabash kwa wenye ng'ombe wa maziwa, na kule juu Nainokanoka kwa wafugaji.

Tatizo lilianza hivi. Jioni napaki, gari zima kabisa. Asubuhi nageuza ufunguo: tik-tik-tik. Kimya.

Nikanunua betri mpya. Ikatulia kidogo, mambo yakarudi palepale. Fundi mmoja akasema ni redio inakula chaji, akakata waya zake. Sasa nikawa na gari lisilowaka na lisilo na redio.

Nikaanza kuishi kwa miteremko, gari linaserereka ndipo naliwasha kwa klachi. Msicheke! Sokoni napaki kwenye mteremko, kanisani mteremko. Kwa mama mkwe ni tambarare, basi nikawa siendi. (Hilo mume wangu asilisome.)

Yeye alishachoka. "Mama Neema, uza hilo gari kabla halijatuaibisha."

Nikamjibu haliuzwi, ndilo jembe langu.

Jumamosi moja ikaingia simu kutoka Nainokanoka. Ni Yeyo Naisiae (yeyo ni "mama" kwa lugha yao), mama mjane ambaye mifugo yake naitibu miaka yote. Ng'ombe wake ameshindwa kuzaa tangu alfajiri.

Shida ni kwamba kesho yake, Jumapili, binti yangu Neema alikuwa anapata kipaimara. Akanishika mkono mlangoni. "Mama, utarudi?"

"Nitarudi. Askofu ataingia nimeshakaa."

Nikapanda Nainokanoka. Ndama alikuwa amegeuza kichwa nyuma, kazi ikawa ngumu, nikatoka jasho kwenye ile baridi. Jioni akatoka hai, jike. Yeyo akashukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakaja.

Lakini geti la hifadhi, ambalo lazima nilipite kurudi Karatu, lilishafungwa. Ikabidi nilale kwake, na gari nikaliacha kwenye nyasi, pahali tambarare, maana kwenye kilima kulikuwa tope tupu.

Asubuhi, ukungu hadi mlangoni. Nageuza ufunguo: tik. Moja tu.

Sidanganyi, machozi yalinilenga.

Yeyo akatoka amejifunga shuka. "Daktari, limeugua?"

"Limeishiwa nguvu, Yeyo. Na mwanangu ananisubiri kanisani."

"Basi ngoja niite watu."

Nikiwa namsubiri nikafungua boneti. Sina kifaa chochote, nikafanya ninachofanya kazini: nikapapasa. Kiwele cha ng'ombe kikiwa na ugonjwa, mara nyingi mkono unakwambia. Upande ulioumia unakuwa na joto.

Injini baridi. Betri baridi. Nikagusa alteneta, ile inayochaji betri gari likitembea.

Ya vuguvugu!

Wakuu, gari limelala nje usiku kucha, Nainokanoka, halafu kitu kimoja kina joto? Kile kilikuwa kinakula umeme wakati mimi nimelala.

Watu wakaja: akina mama waliokuwa wanaenda kuchota maji na wazee wawili. Wakasukuma huku wakicheka, wanateleza, wanasukuma tena. Nikaachia klachi, gari likakohoa, likawaka. Sikulizima hadi Karatu.

Nilichelewa. Askofu alishamaliza kuwawekea watoto mikono. Nikaingia na mabuti ya mvua, tope hadi magotini. Neema akaniona kutoka kwenye mstari wao, akaangalia pembeni. Iliniuma sana.

Nje nikamwambia, "Nisamehe mwanangu."

Akayatazama mabuti yangu. "Ndama alitoka?"

"Katoka. Jike."

Akanikumbatia, gauni jeupe na tope langu vikakutana. Mpiga picha akafyatua hapohapo. Picha zipo nyingi nzuri za siku ile, ila Neema katundika hiyo sebuleni.

Jumatatu nikaenda kwa fundi umeme mwingine. Akabisha: "Daktari, alteneta mbovu haichaji. Yako inachaji."

Nikamwambia tupime basi.

Akazima kila kitu, akachomoa waya wa negative kwenye betri, akaweka testa katikati ya waya na betri, upande wa kupima ampia. (Ukiwa umeunganisha hivyo usiwashe gari, utaiunguza testa.) Gari limezimwa, lakini inasoma karibu ampia nne! Akachomoa fyuzi moja moja. Namba haikushuka.

Akafungua betri kabisa, akatoa ule waya mnene wa alteneta, akaufunga pembeni kwa tepu, akarudisha testa. Namba ikaanguka karibu na sifuri.

"Aisee," akasema, "ni diodi."

Akanieleza: diodi zinaruhusu umeme uende upande mmoja tu, kutoka alteneta kwenda betri. Moja ikiharibika, alteneta inaweza kuendelea kuchaji, ila umeme unarudi nyuma gari likiwa limepaki. Akabadilisha diodi, na redio akairudisha.

Kesho yake asubuhi mume wangu alishatoka barazani, amekunja suruali tayari kwa kusukuma. Nikagusa ufunguo, likawaka mara moja. Akabaki amesimama na suruali yake. "Sasa mimi nifanye nini?"

Nikamwambia panda, twende kwa mama yako.

Nilichojifunza: betri ikifa kila ukipaki, usikimbilie kununua nyingine. Pima kwanza nani anakula umeme, na ukichomoa fyuzi zote namba isishuke, kaguse alteneta asubuhi kabla hujawasha.

Mafundi mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na wewe uliyewahi kuishi kwa miteremko, lako lilikuwa nini?