Dubu wa Orrin Si Sanaa

"Naweka dau dubu mzima, futi sita, kwamba hutaniamini."

Hivyo ndivyo Orrin Tveit anavyomwanza kila anayesimamisha gari kwenye banda lake, pale barabara inapoingia Gandy Creek, katikati ya misonobari ya jimbo la Washington. Hajapoteza dubu hata mmoja. Nani atamwamini?

Mwaka wa ishirini na mbili huu anachonga dubu kwa msumeno wa injini. Gogo limesimama, wewe geuka ukohoe kidogo. Ukirudisha macho, gogo lina masikio. Shule aliiacha mapema. Anasema ilikuwa inamchelewesha.

Wilaya ilipoipigia kura kodi ya sanaa na utamaduni, senti kumi juu ya kila dola mia ya mauzo, Orrin hakununa. Kila dubu aliyeuzwa aliikatia kodi yake. Kisha akasikia hela hizo zitasimamisha sanamu kwenye kipilefti cha kuingilia mjini. Usingizi ukamruka. Mjini wote walimwita muuza magogo, mpaka mama mkwe wake. Dubu wake akisimama pale, watamwitaje tena?

Akampakia dubu wake bora kwenye pikapu, akampeleka mbele ya kamati ya kuchagua sanamu. Mwenyekiti, Bi Lenora Pruitt, akamzunguka dubu mara mbili, miwani imeshuka puani.

"Kazi safi, Bwana Tveit. Lakini hii ni bidhaa, si sanaa."

"Bidhaa?"

"Si unawauza kando ya barabara?"

Orrin akahisi masikio yanawaka. "Mama, kodi ya sanaa mnaichuna mgongoni mwa dubu huyuhuyu! Kwenye kutoa anafaa, kwenye kupewa hafai? Na huyo mtakayemlisha kwa jasho la dubu wangu anachonga nini, malaika?"

Ukumbi ukacheka. Bi Lenora hakucheka. "Isitoshe, umemwekea vidole vinne. Dubu ana vitano."

"Ulimhesabu wapi, mama? Mlikutana saluni?"

Wakacheka zaidi, lakini kicheko si kura. Kazi alipewa mtu wa Seattle. Akaleta vyuma vitatu vilivyopinda, akaviita "Pumzi".

"Pumzi!" Orrin alifoka jikoni mpaka vikombe vikatetemeka. "Mtu akipumua vile, si anakimbizwa hospitali?"

"Kahawa inapoa," alisema mkewe, Marva.

"Ipoe! Nimewalipia vyuma kwa dubu zangu!"

Akatoka na msumeno. Siku tatu msumeno ulinguruma. Ya nne, kiwanjani kwake, ng'ambo tu ya kipilefti, akasimama dubu wa futi kumi, makalio yameelekea "Pumzi". Kifuani amechongwa BIDHAA, na miguuni vidole vinne vinne, vinene, makusudi mazima. Magari yalipunguza mwendo, watu wakapiga honi. Orrin aliwapungia kama mgombea.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Asubuhi Marva akakuta pipa la taka limepinduliwa.

"Baba, njoo uone. Umepata mgeni."

Kwenye tope, karibu na miguu ya dubu wa gogo, palikuwa na nyayo za dubu wa kweli. Orrin akachuchumaa. Akahesabu. Akahesabu tena kwa vidole vyake mwenyewe.

"Hesabu kwa sauti," alisema Marva.

Hakuhesabu kwa sauti. Kuhusu bidhaa hajarudi nyuma hata inchi moja, na makalio yale bado yameelekea kulekule.

Kuhusu vidole, alikosea. Ni vitano.