Mguu Mzuri Nao Ulipolala

Binti wa dada yangu alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda kwa ndani. Pale Nakivale, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, alijifunza kutembea kwa ukingo wa unyayo, akikimbiza kuku kwa ule wa kulia na kuuburuta mwingine. Alipofikisha miaka minne tulimpeleka Mbarara kufanyiwa upasuaji. Mimi nilikwenda kwa sababu nimemaliza chuo na ninajua Kiingereza, na dada anaamini kwamba mtu aliyesoma haogopi.

Asubuhi ile daktari wa usingizi, mwanamke mpole, alitueleza kwamba mtoto akishalala atachomwa sindano chini ya mgongo, pale uti unapoishia, ili akiamka asisikie maumivu. Miguu yote miwili ingekufa ganzi kwa saa chache, kisha ingerudi. Nilitafsiri kila neno. Dada alisikiliza huku akimfunga mtoto kitambaa kichwani.

"Umuulize kama atatembea."

"Amesema itarudi, yaya," nikamwambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

"Umuulize tena."

Nikauliza tena. Daktari alijibu bila kuchoka kwamba madhara makubwa ni nadra sana. Tukakubali, mtoto akaingizwa ndani, nami nikabaki na lile neno kwenye benchi. Nadra si kamwe. Kule kambini husimuliwa habari za mama mmoja aliyeharibiwa miguu na sindano ya mgongo. Sijawahi kumwona, wala sijakutana na mtu aliyemwona, lakini pale kwenye benchi nilimwona waziwazi, hadi rangi ya kitenge chake.

Mchana mtoto aliletwa wodini, mguu wa kushoto umefungwa plasta ngumu mpaka juu ya goti. Hakulia. Aliomba soda. Dada alifunua blanketi akaushika mguu wa kulia, ule mzuri, akauinua na kuuachia. Ukaanguka kama kitu cha mtu mwingine.

"Hii haikukuwa na ugonjwa," alisema polepole. "Tulileta moya. Sasa iko mbili."

"Daktari alisema yote miwili, yaya."

"Alisema. Mi naona na macho."

Kwetu, kiungo kilichokufa ganzi hukandwa. Mama alitukanda sote utotoni, kwa kitambaa kilichotoka kwenye maji yanayofuka mvuke, mpaka damu ikumbuke njia. Dada aliomba thamosi ya kitanda cha jirani, akamimina maji kwenye beseni, akachovya pindo la kitenge. Nilijua ni hatari, lakini nilianza kupima: nikimzuia na mguu usirudi, je, si mimi nitakuwa nimeuzuia? Kitambaa kilikuwa kimekaribia unyayo nilipokidaka. Kikaniunguza vidole.

"Mimi nimesikia moto, yaya. Yeye hatasikia. Ataungua huku anakunywa soda."

Muuguzi akaja akaliondoa beseni. "Nyabo, mama yangu, mguu imelala tu. Wewe unataka kuipika?"

Wale wa vitanda vya jirani wakacheka. Dada hakucheka. Aliketi, akaushika ule mguu kwa mikono mitupu.

Tukasubiri. Jua la dirishani lilihama kutoka kwenye mto hadi sakafuni. Dada alikuwa akipitisha ukucha kwenye unyayo, taratibu, kutoka kisiginoni hadi vidoleni, na kuanza upya. Mimi nilikuwa nikitunga kichwani maneno ya kumwambia mama yetu tukirudi, nikiyafuta, nikitunga mengine.

"Mama, wacha," mtoto akasema bila kututazama. "Unanitekenya."

Dada akapitisha ukucha tena. Kidole gumba kikajikunja.

Baadaye kidogo mtoto alianza kunung'unika kwamba ule wa plasta nao unauma. Muuguzi akaleta dawa ya maji, na dada akakiomba kijiko amnyweshe mwenyewe.

"Inauma fasi gani?"

Mtoto akaonyesha.

"Onyesha tena," dada akasema, na sasa yeye ndiye aliyecheka.