Mwizi Mwenye Kifua cha Manjano

Edmund hutengeneza mashine za kupulizia salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho pale Chilangala. Akimaliza hunawa mikono, akachukua kamera. Ndege walao nyama ndio ugonjwa wake. Huwajua kwa mkia, kwa mpigo wa mbawa, hata kwa kivuli kinachopita uwanjani.

Julai ile vifaranga vya jirani yake, Mama Ziada, vilianza kuisha kimoja kimoja. Mama Ziada akanunua sumu. Ataipaka kwenye utumbo wa mbuzi, akasema, auweke chini ya mninga wa bondeni wenye kiota cha tai. Kiota hicho Edmund alikuwa akikipiga picha mwaka wa nne sasa, na kilikuwa na kinda.

"Tai yule anakula nyoka, Mama Ziada."

"Na vifaranga vyangu ni kachumbari yake."

"Nipe mpaka Jumamosi. Nitakuletea picha ya mwizi."

"Ungemleta mwenyewe. Picha haipikiki."

Edmund akajibanza nyuma ya banda la kuni la Mama Ziada. Jumatano akampata tai akiinuka na nyoka. Alhamisi ndege mwingine akashuka, akanyakua kifaranga, akatua juu ya mkorosho. Alipoikuza picha, Edmund alipigwa na butwaa: kifua cha manjano. Alifunua kitabu chake cha ndege chote, hakumwona. Huenda hajaandikwa na mtu yeyote! Alikwisha kumchagulia jina, ndipo jicho lake likaangukia mkono wa shati lake mwenyewe. Manjano ileile. Mkorosho ule ulipulizwa salfa alfajiri, kwa mashine aliyoitengeneza yeye.

Akaona haya, ingawa alikuwa peke yake. Akarudi kwenye mkia: una panda kama ya manati. Mwewe.

Jumamosi akamwamkia Mama Ziada, akampa kamera. Mama Ziada alimtazama mwewe, kisha tai, kisha nyoka, akakawia hapo.

"Huyu alikuwa wapi?"

"Kwenye kuni zako."

Mama Ziada aliichukua sumu, akaitumbukiza chooni.

"Basi nisukie tenga la kufunikia vifaranga vilivyobaki."

"Sijui kusuka, mama."

"Ndege ulizaliwa unawajua?"

Jioni Edmund alikuwa akipasua mianzi, vidole vimechubuka, kivuli kipana kikapita uwanjani polepole, kikielekea bondeni. Hakuinua kichwa. Alimjua.