Barafu ya Mwalimu na Kahawa ya Baba Mkwe

Ndugu zangu, nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Mwalimu wetu wa misheni, Mdachi mwenye ndevu, alijaza glasi maji hadi ukingoni, punje za mvua ya mawe zikielea ndani. Zikayeyuka zote, lisimwagike hata tone. Akasema, "Hata baharini, barafu inayoelea ikiyeyuka haiongezi maji." Nikarudi nyumbani mtaalamu.

Wiki hiyohiyo mvua ya mawe ikaanguka, mteremko wa mlima Meru juu yetu ukawa mweupe. Zamu ya kulinda mfereji unaoleta maji ya mlimani mashambani ilikuwa yangu. Baba mkwe, aliyepanda miche ya kahawa kandokando ya mfereji huo, akaniambia, "Mwanangu, nenda ukauzibe kule juu."

"Usiwe na wasiwasi, baba. Barafu ikiyeyuka haiongezi maji. Nimesoma."

Jua likawaka, mfereji ukafurika. Miche ikashika njia ya mto Nduruma, na kigoda cha mzee kikaifuata.

Mwalimu akaja, akaniuliza mbele ya ukoo mzima, "Barafu yangu ilikuwa ndani ya glasi. Yako ilikuwa wapi?"

Nikanyoosha kidole mlimani.

Baba mkwe, maji yakiwa magotini, akaguna: "Kumbe glasi yenyewe ilikuwa shamba langu!"