Kompyuta Haishiki Mrija

"Shangazi, nani alikutuma ukaseme kompyuta iliugua?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba mtoto wa kaka yangu ni mwongo? Nimewaambia ilishikwa na malaria, ikaweweseka, ikamwita mtu mwizi. Hata binadamu huweweseka."

Selestina alikuwa anamenya ndizi kizingitini, hana wasiwasi. Ildefonce alimsimamia kama mdai. Asubuhi hiyo, bila kumuaga mtu, shangazi alijitwika mtungi wa pombe ya ndizi hadi kwa akina Kanyange, mchumba wa Ildefonce, kuomba yaishe. Mtungi ulirudi umejaa vilevile.

"Ndikuriyo alijibuje?"

"Kama kosa ni la kompyuta, basi kompyuta ije ishike mrija, inywe naye mtungi mmoja kama watu wanaopatana."

Hapo kijiji kizima cha Kanazi kingecheka, lakini Ildefonce hakucheka. Ndikuriyo ni kaka mkubwa wa Kanyange, na tangu baba yao afariki, yeye ndiye wa kupokea pombe ya posa au kuikataa. Akiikataa, hakuna ndoa.

Yote yaliletwa na mchezo. Kwenye banda moja Ngara mjini, vijana hucheza vita vya kompyuta: unajenga ngome, unatuma askari, unamvizia jirani aliyejificha gizani. Kila mechi huacha faili, na faili halina picha, lina amri tu: jenga hapa, nenda pale, piga. Kuitazama mechi upya ni kukaa mpaka makalio yafe ganzi. Ildefonce, akishatoka kwenye shamba lake la maharage, alitengeneza programu ya kuzisoma amri hizo bila kuichezesha mechi. Ilikuwa na mbio, jamani. Ukimsikiliza Selestina, inzi hajatua kwenye kioo, yenyewe imeshakula mechi, imenawa mikono na inauliza kama kuna nyingine. Hata mafundi wa nchi za mbali waliichukua wakaichomeka kwenye programu zao, wala Kanazi hawaijui iko upande gani.

Mbio hizo ndizo zilizomponza. Ndikuriyo alishinda mechi kwa kupeleka askari moja kwa moja kwenye ngome iliyofichwa. Watu wakanung'unika. Ildefonce akalisoma faili, akasimama mbele ya banda lote akatangaza: shemeji yangu mtarajiwa anaona gizani, ameiba. Kumbe mwenzake Ndikuriyo, Tomasi, alikuwa amemwazima macho ya askari wake, aone wanachokiona, na mchezo unaruhusu. Amri ya kuazimana macho ni ndogo, imejibanza mwanzoni mwa faili, na programu iliiruka.

"Tangu siku ile Ndikuriyo hashuki mjini," alisema Ildefonce. "Akienda kusaga mahindi, watu wanakumbatia magunia yao, eti anaona ya ndani."

"Nimesikia. Jirani yetu Mashimba ameshonea gunia lake kitambaa cha pili."

"Usinichekeshe, Shangazi."

"Nani anacheka? Mimi nakuokoa. Mtungi wa pili nitaupeleka mwenyewe, niwaambie kompyuta imepona, imetubu, inasalimia. Watachoka kukasirika."

"Na Ndikuriyo atabaki mwizi. Mashine ikiugua, nani atajua siku ile ilikuwa inaumwa au ilikuwa nzima?"

Selestina aliiweka ndizi chini. Sasa sauti yake haikuwa na mzaha.

"Nisikilize, mwanangu. Akina Kanyange ni watu waliokimbilia huku na mafurushi kichwani, wakapewa kila jina baya. Jina zuri wamelilima kama shamba la mawe. Ukienda kusema ulilichafua wewe, kwa mikono yako, hawatakupa binti. Ilaumu mashine, uoe."

"Kanyange aolewe na mimi, kaka yake apokee pombe shingo upande na asikanyage harusi?"

"Wangapi wameoa hivyo na wana wajukuu?"

Ildefonce alichuchumaa, akachora udongo kwa kidole.

"Haikuugua, Shangazi. Ile amri niliiona. Nilijua ni ya nini. Ilikuwa inapunguza mbio, na mimi nilishajisifia kwa wale mafundi wa mbali kwamba hakuna anayenifikia. Kwa hiyo nikaiambia programu iiruke, na siku ile bandani, kabla sijafungua mdomo, nilikumbuka kwamba—"

"Shikamoo, mama."

Ndikuriyo alikuwa ameshaingia uani, jembe begani, matope ya shamba yakiwa bado mabichi miguuni.

"Marahaba, baba," alisema Selestina, taratibu sana.

Ndikuriyo hakumwangalia tena. Alitua jembe, akavuta kigoda, akakaa akitazamana na Ildefonce, akasema, "Ulikumbuka kwamba nini?"