Waliponililia Ningali Hai

Jamani, acha nijicheke mwenyewe kabla hamujanicheka, maana mpaka leo nikipita ufukweni Kabuta kuna bamama wanaoweka beseni chini, wanafanya ishara ya musalaba, halafu wanacheka mpaka machozi.

Miaka ile ya sabini nilikuwa natumika kwenye kliniki ndogo ya hapo Kabuta, kandokando ya ziwa Mweru, kufagia na kuchemsha sindano, mimi mutu wa ng'ambo, wa Kongo, niliyeoa kwa Wabemba. Na kwa Wabemba mukwe haonani uso kwa uso na mama mukwe wake mpaka siku wamupikie chakula cha kumuingiza nyumbani. Miaka miwili nangoja chakula hicho! Mama ya muke wangu Chanda akiniona njiani anaingia kwenye majani, na mimi naingia majani ya upande wangu. Nilijua ananihesabu mupita njia tu, na iliniuma sana.

Bon, ikaja barua kutoka juu: masharti ya dharura yamebadilika. Zamani ndoo ya muchanga na bandeji zilitosha. Sasa kila kliniki ijipime kwa ajali ya uongo, bila kutangazia mutu, na yule anayejifanya mugonjwa asijitikise mpaka machela ifike. Ba Mwansa, muganga wetu, akaninyooshea kidole: "Wewe njo yule aliyezama na mutumbwi. Ulale pale kwenye muchanga, tunakuja mbio."

Nikalala. Jua kali, nzi wengi, nikajifunika shuka la kliniki mpaka kichwani (hapo njo kosa langu lote, shuka!), gambuti zangu, viatu virefu vya mpira, zikabaki nje, na kwa sababu nilikuwa nimekesha kazini, usingizi ukanibeba. Machela nayo ilikuwa imefungiwa stoo, na ufunguo walikuwa wanautafuta mpaka kwenye mifuko ya wagonjwa.

Nikaamushwa na kilio. "Mayo, mayo! Gambuti za Mukongomani wa kliniki! Ziwa limemuua!" Nilitaka kuinuka, kweli, lakini nikafikiri, sharti linasema nisijitikise, nikiinuka nimeharibu zoezi na Ba Mwansa atanifukuza kazi. Nikatulia. Watu wakaongezeka. Shuka lilikuwa limechakaa, nikaona kupitia matundu mitumbwi inarudi, mumoja, mitatu, kumi, wanaume wameacha nyavu majini muchana kweupe, wanavua kofia, wanasimama. Sijawahi kusikia Mweru ikinyamaza vile. Mimi, mufagiaji, mutu wa ng'ambo, wameacha samaki kwa ajili yangu! Nikaanza kulia na mimi chini ya shuka, najililia mwenyewe, mupumbavu mukubwa.

Halafu watu wakapisha njia. Mutu akaketi kwenye muchanga, akapakata kichwa changu pamoja na shuka, na sauti ile niliyozoea kuisikia nyuma ya ukuta tu ikasema, "Mutoto wangu. Mutoto wangu, nilikunyima chakula bure."

Mungu wangu, nilisahau masharti yote. Nikavuta shuka, nikasema, "Mama, niko."

Tukatazamana. Uso kwa uso! Akapiga yowe, akakimbilia ziwani na nguo zake mpaka kiunoni; watu wakatawanyika, muvuvi mumoja akarukia mutumbwi wake akapiga kasia kwa nguvu zote, na mutumbwi bado uko nchi kavu. Hapo njo Ba Mwansa anatokea na machela, anahema, saa mukononi, anauliza, "Mugonjwa iko wapi?"

Siku tatu sikutoka nje. Ya nne Chanda akaniletea maneno ya mama yake: "Anasema chakula kiko tayari, uende. Amekushika kichwa, amekuona, sasa mutafichana nini tena? Lakini anasema machozi yako amekwisha kuyalia yote. Siku utakufa kweli, asiitwe."

Nilienda, nikakula macho chini, na yeye mwenyewe akanikatia paja la kuku. Tangu siku ile nzi wanitambae, mbu waninyonye, shuka halipiti kifua changu.