Mama Mdogo Hakumaliza Kusema

Mama yangu na mdogo wake waliolewa kijiji kimoja, kando ya ziwa, si mbali na Kisumu, na maisha yao yote walikuwa wakibishana. Walibishana kuhusu mahubiri, kuhusu wagombea, hata kuhusu chumvi ya mboga. Sisi watoto tulizoea. Mama mdogo alisema lake mpaka mwisho huku mama akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kimya, kisha mama angeanza, "Sasa nisikilize na mimi, nyamera," yaani dada yangu. Wakimaliza walikula sahani moja.

Kampuni ya kufuga samaki ilipoweka vizimba vyake ziwani, walipata ubishi wa kuwatosha. Mama aliuza omena, na wavuvi waliomletea walilalamika kwamba vizimba vimewafungia njia na kuchafua maji. Mama mdogo alikuwa mjane, na kampuni ndiyo iliyomwajiri kusafisha samaki. Wanawe walisoma kwa kazi hiyo.

Kisha mwaka mmoja samaki wa vizimbani walikufa kwa wingi. Walielea mpaka ufuoni na harufu ikaingia kanisani. Kampuni ilisema maji yalikuwa yamekosa hewa, jambo la kawaida ziwani. Wavuvi wakasema ni chakula na dawa za kampuni. Chifu akaitisha baraza humo kanisani. Nilitoka Migosi, mtaa wa Kisumu ninakoishi, nikaketi nyuma.

Mama mdogo aliomba nafasi. Alisimama akiwa bado amevaa mabuti ya mpira ya kazini. "Hii kampuni imenilishia watoto," alianza. "Siwezi kusema ni mbaya yote."

Hakuachiwa aendelee. "Kibaraka huyo," mtu mmoja akasema kwa sauti, na wengine wakadakia. "Amelipwa. Aketi chini." Alingoja, akajaribu tena, kelele zikazidi. Mama, ambaye kila mtu alijua anaipinga kampuni, akainuka.

"Mwacheni amalize. Mimi sikubaliani naye, lakini mwacheni amalize."

Wakamgeukia yeye, wakasema damu ni nzito. Mabwana wa kampuni waliokuja kusikiliza walikusanya karatasi zao wakaelekea kwenye gari. Baraza likafia hapo.

Tangu siku hiyo watu waliacha kumsalimu mama mdogo. Akifika kuchota maji, wanawake walinyamaza. Hakukaa sana. Aliacha kazi, akahamia Nyalenda, mtaa wa mabanda mjini Kisumu, na wanawe, katika chumba kimoja, akaanza kufulia watu nguo kule Milimani kwa matajiri.

Tulipomtembelea, mama alimuuliza, "Siku ile ulitaka kusema nini?"

Aliendelea kumimina chai. "Nilitaka kusema kazi tunaihitaji, lakini samaki walikuwa wakifa tangu zamani, na sisi tulikuwa tunaambiwa tuwatupe majini. Nilitaka tuwaombe wachimbe shimo wawazike, na vizimba visogezwe mbali na ufuo. Msimamizi wetu alishaniambia, jambo hilo likiletwa na kijiji kizima, wakubwa watalisikiliza."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia tukila. Hatukula siku hiyo."

Mama alishika kikombe chake mpaka chai ikapoa.

Presha ilimchukua mama mdogo kabla ya mvua za masika. Tulimzika nyumbani kwa mumewe. Waliompigia kelele kanisani ndio waliobeba jeneza, na mmoja wao alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa ukweli. Mama alitazama chini mpaka yule mtu akamaliza.

Mwaka huu samaki wamekufa tena. Chifu ameitisha baraza jingine, na safari hii ameweka masharti: kila mtu atasema, na hakuna kumkatiza mwenzako. Alikuja mwenyewe kumwomba mama awasemee wanawake.

"Unaheshimika na pande zote, Mama," alimwambia.

"Mzee, mimi mawazo yangu nilikuwa na mtu wa kuyapimia," mama alijibu. "Sasa sijui kama ni mawazo au ni hasira tu. Tafuteni mwingine."

Chifu alibembeleza kidogo, kisha akaaga. Tukabaki wawili. Nikajaribu kumbishia kama mama mdogo, nikasema, "Lakini mama, vizimba navyo vina faida yake."

Alinitazama kwa huruma. "Wewe huamini hivyo," alisema, akatoka kwenda kuanua omena kabla mvua haijafika.